Laini ya Ndesanjo

Kitaa cha modemu kiliwaka mchana kweupe, na modemu yenyewe ilikuwa juu ya meza, haijachomekwa popote. Kiliwaka bluu mara mbili, kikazima. Pudensiana akajiambia ni macho yake, akaendelea kupanga karatasi kwenye duka lake la stationery pale Kijenge.

Laini ya simu iliyokuwa ndani ya modemu ile ilikuwa ya mumewe, Ndesanjo, aliyefariki miezi minane iliyopita akirudi kutoka Kikwe kwa pikipiki. Walimkuta asubuhi mtaroni, mguu umevunjika, mvua imemnyeshea usiku kucha. Simu yake ya kitochi ilikuwa imejaa maji, laini tu ndiyo iliyopona. Pudensiana hakuwa na moyo wa kwenda kuifunga, akaitia kwenye modemu, na kompyuta ikaitumia kwa intaneti, basi. Jambo moja lilimtafuna kila siku: je, yule mtu alikufa bila kumtafuta yeyote? Allen, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa na gari, naye aliapa mbele ya jeneza kwamba hakupata simu wala ujumbe.

Ni Allen huyohuyo aliyekuja siku hiyo kuweka toleo jipya la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ya duka. Allen ni fundi kompyuta wa Themi, na kipya kikitoka hatulii mpaka akiweke kwenye mashine za watu, wametaka wasitake.

"Shemeji, ile ya zamani imeshachoka," alisema. "Hii ni nyepesi, utafurahi."

Hakuna aliyefurahi. Saa nzima kompyuta iliiona modemu kama flashi tu. Allen akaandika amri, akaichomoa, akairudisha, akatukana kidogo. Umeme ukakatika, wakabaki na chaji ya betri. Hapo ndipo mtandao ulipotokea kwenye kioo, pamoja na kisanduku kinachoomba namba ya siri ya laini.

"Namba gani?" Pudensiana aliuliza. "Laini hii haijawahi kuwa na namba ya siri."

"Jaribu tarehe ya Princess."

Akaweka siku aliyozaliwa Princess, binti yake na Ndesanjo. Ikakataa. Akaweka mwaka wa ndoa. Ikakataa. Likabaki jaribio moja, kisha laini ingefungwa.

Duka likaanza kunuka tope na petroli. Pudensiana aliijua harufu ile, aliifua kwenye koti la mumewe mara tatu na haikutoka.

"Shemeji," alinong'ona, "umegusa kitu?"

Allen alikuwa ameinua mikono yote miwili hewani, na bado vitufe vilikuwa vikibonyea vyenyewe, polepole, kama vinavyobonyezwa na mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, moja, tisa, tisa, nne, na kila kimoja kilipobonyea maji ya kahawia yalitoka chini yake yakatiririka mpaka ukingoni mwa meza na kudondokea magotini mwa Allen, ambaye hakusogea, kwa sababu huo ndio mwaka aliozaliwa yeye.

Laini ikafunguka. Toleo jipya lilikuwa na kitu ambacho lile la zamani halikuwa nacho, sehemu ya kusomea ujumbe uliohifadhiwa kwenye laini. Ikafunguka yenyewe. Zilizotumwa, tatu, zote kwa Allen.

"Allen nimeanguka Kikwe karibu na daraja. Mguu umevunjika. Njoo na gari."

"Allen uko wapi. Maji yanapanda."

"Mdogo wangu, njoo."

Zote zilikuwa zimefika.

"Ulizisoma?" Sauti ya Pudensiana ilikuwa ndogo sana.

"Niliona jina lake tu." Allen alikuwa analia. "Nilidhani anataka kuazima gari tena. Nikalala. Asubuhi ndiyo nikasoma, shemeji, asubuhi!"

"Na ukaja kunishika mkono kaburini."

Bi Mwanamkuu, jirani muuza udi, alikuwa ameisikia harufu akaja mbio na chetezo chake. Allen akamwangukia miguuni. "Mama, mfukuze! Nakuomba!"

Yule mama aliusoma ule ujumbe kwenye kioo, kisha akakiweka chetezo chini bila kukipuliza.

"Mimi nafukuza jini aliyeingia nyumba isiyo yake," alisema. "Huyu ameita mtu wake. Hapa sina kazi."

Pudensiana akaichomoa modemu. Kitaa kikaendelea kuwaka mkononi mwake. Akamtupia Allen kifuani, na miezi minane yote ya kumheshimu ikamtoka mdomoni.

"Ondoka nayo. Alikuita wewe, hakuniita mimi. Laiti angeniita, ningekwenda hata kwa miguu!"

Allen alikimbia hadi Mto Themi akairusha katikati ya maji. Aliisubiri izame. Akarudi kwenye karakana yake, akabadilisha laini ya simu, akabadilisha na simu yenyewe.

Kesho yake mchana, akiwa na wateja wawili mbele yake, simu mpya ikatetemeka. Hakuwa amempa mtu namba ile.

"Mdogo wangu, umenitupa kwenye maji mengi kuliko ya Kikwe. Leo umesoma. Njoo."