Mjusi wa Chumba cha Cherehani

Mijusi wale wa kijani, wenye madoa mekundu mgongoni, hawapatikani popote ila kisiwani kwao, na hukaa migombani. Ndani hawaingii. Ndiyo maana mshonaji alishtuka alipomkuta mmoja ukutani, juu ya cherehani yake, mchana kweupe.

Alimtishia kwa ufagio. Mjusi hakukimbia. Alifungua kinywa, akalia kama kichanga chenye njaa.

Ufagio ulimponyoka. Yeye na mumewe walikuwa wamemzika mtoto wao wa kwanza juzijuzi tu, na kilio kile alikijua.

Mumewe, fundi friji, hakuambiwa kitu. Aliona tu nguo za wateja zikilundikana, chumba kikinuka maziwa yaliyochacha, na mkewe akikonda.

"Unaongea na nani humo, mke wangu?"

"Peke yangu."

Alasiri moja fundi aliwahi kurudi, akasikia mtoto analia ndani, akadhani masikio yanamdanganya, akasukuma mlango, akamkuta mkewe ameketi sakafuni, blauzi wazi, anabembeleza kwa wimbo, na mjusi, aliyenona sasa kama paka, amemng'ang'ania kifuani, ananyonya.

Alikimbia kumwita mganga, mama mtu mzima wa mtaa wa pili. Mganga hakuvuka kizingiti.

"Ni jini, mwanangu," alimwambia mshonaji kwa sauti ya chini. "Alikusikia ukilia, akajua unachokitaka. Mimi simwezi. Mkane wewe, kwa mdomo wako."

"Nikimkana, sauti hii nitaisikia wapi tena?" mshonaji aliuliza.

"Anakumaliza!" fundi alinong'ona. "Umebaki mifupa. Nakusihi."

Mshonaji alimtazama mumewe. Kisha akamwinamia mjusi.

"Wewe si mwanangu."

Kilio kilichofuata kilikuwa cha mtoto aliyenyang'anywa titi, kikapanda, kikapanda mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka na mganga akaziba masikio, halafu kikakatika. Mapajani pa mshonaji hapakuwa na kitu, ila maji ya maziwa.

"Tumepona," fundi alisema, akamshika bega.

Mkewe aliutoa mkono ule taratibu. "Wewe umemzika mara moja."

Jioni ile alihamishia godoro lake chumba cha cherehani, akafunga kwa ndani. Mpaka leo fundi husimama nje ya mlango ule, ametega sikio, na hajui tena kama anakiogopa kile kilio au anakitamani.