Hatua Moja Nyuma ya Mstari

Kila Jumanne na Alhamisi, masomo yakiisha, Vesna Ilievski hakupitia nyumbani. Alivuka barabara ya kiwanda cha chuma, njumu zikining'inia shingoni kwa kamba zake, akashuka moja kwa moja hadi uwanja wa klabu ya Foundry Road, hapo Port Kembla. Upepo wa Agosti ulikuwa ukiteremka kutoka milimani na kukata masikio, lakini Vesna alifika wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, beki wa kati, nahodha wa timu ya wasichana. Isitoshe, hakutaka kukosa hata dakika moja ya kumtazama Kocha Stevo.

Stevo Markoski alicheza beki kwa miaka kumi na sita. Mara arobaini na moja alivaa jezi ya manjano ya Australia. Picha yake ilikuwa ukutani pale klabuni, pua imevimba, ameruka juu ya watu wawili kama aliyeinuliwa kwa winchi. Sasa goti lake la kushoto lilikataa kukunjika, kwa hiyo hakuinama kuokota mpira. Aliuinua kwa ncha ya kiatu, ukapanda wenyewe hadi kiganjani. Wasichana walishaona jambo hilo mara mia, na mara ya mia na moja bado walinyamaza.

Zoezi lake kubwa lilikuwa la kamba. Aliwafunga mabeki wanne viunoni kwa kamba moja ya kuanikia nguo. Nahodha akiita "Panda," wote wanne walipaswa kupiga hatua mbele kwa pamoja, ili mshambuliaji wa wapinzani abaki nyuma yao peke yake, ahesabiwe ameotea. Halafu Kocha aliwapa mgongo, akasikiliza.

"Panda," Vesna aliita.

"Mele, umechelewa," Kocha alisema bila kugeuka.

Mele Fifita, beki wa kushoto, alibaki mdomo wazi. "Kocha, umejuaje na wewe unaangalia barabarani?"

"Nyasi zimelia mara mbili. Zilitakiwa zilie mara moja."

"Huyu si mtu," Mele alimnong'oneza Vesna. "Huyu ni popo."

"Popo amekusikia," Kocha alisema. "Rudia."

Jumamosi ilikuwa nusu fainali dhidi ya Bluff Point. Katika ligi hiyo, anayeshindwa nusu fainali hupewa mechi moja zaidi ya kujiokoa, lakini siku hiyo hakuna aliyetaka kuifikiria. Wazazi walipanga foleni ya soseji na vitunguu. Mzee Keogh alikuwa kwenye mstari wa pembeni na kibendera chake. Kila klabu hutoa mshika kibendera wake, na Foundry Road hawakuwa na mwingine. Alistaafu kiwandani zamani. Mkewe, Noreen, alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi, na tangu hapo watu walimwona akizungumza siku moja tu kwa juma, Jumamosi, na mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kurusha na kona.

Dakika ya hamsini na nane bado ilikuwa sifuri kwa sifuri. Kiungo wa Bluff Point aliinua kichwa atoe pasi. Vesna aliona nafasi. "Panda," aliita, na wenzake watatu wakapanda kama mlango mmoja. Yeye hakupanda. Kitambaa cha unahodha kilikuwa kimeteleza hadi kwenye kiwiko, na kwa muda wa kupepesa macho alikishika kukivuta. Hatua moja. Pasi ikapita. Mshambuliaji akapita. Vesna akanyoosha mkono juu kudai ameotea, akasimama hivyo hivyo kama nguzo ya taa huku mpira ukiingia wavuni.

Mzee Keogh hakuinua kibendera.

Mechi iliisha moja bila. Wasichana walilia. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Thornley, alishuka kutoka jukwaani akiwa na koti zuri ambalo halikuwahi kuguswa na matope ya uwanja ule. "Nahodha, ilikuwaje pale?"

Vesna alitazama chini. "Ameotea. Mzee Keogh alikuwa amelala."

Maneno yenyewe ni machache. Lakini mtu mwenye madaraka hahitaji mengi akishapata mtu wa kumbebesha mzigo. Jumapili Thornley aliwapigia simu wanakamati. Jumatatu barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo: kikao siku ya Alhamisi, kujadili uwezo wa mshika kibendera. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kugonga mlango wa Mzee Keogh kumwuliza aliona nini.

Jumanne, Kocha Stevo hakuwafokea wasichana. Aliwapeleka hadi kwenye eneo la goli. "Kila mmoja asimame pale alipokuwa mpira ulipopigwa."

Mele alisimama. Beki wa kulia na yule wa kati wa pili walisimama. Vesna alitembea polepole, nyasi zikiwa na alama bado, akaipita alama ya njumu zake mwenyewe, akajipanga sawa na wenzake. Kocha alimtazama, akatazama nyasi, akaweka koni ya rangi ya machungwa miguuni pa kila mmoja. Koni nne zilinyooka kama rula.

"Haya," alisema. "Tuendelee na mazoezi."

Hilo lilimwuma Vesna kuliko matusi. Mazoezi yalipokwisha alijitolea kukusanya koni. Alizibeba hadi mlango wa stoo, ambako Kocha alikuwa anahesabu mipira.

"Kocha, uliona?"

"Nilikuwa nyuma ya benchi, mita sitini, na kichwa cha mwamuzi katikati. Sikuona. Alhamisi wakiniuliza nitasema hivyo hivyo."

"Sawa."

"Lakini nimeishi kwenye mstari ule miaka kumi na sita, Vesna." Alikaa juu ya kreti, mguu mbovu ameunyoosha mbele. "Nikueleze kitu ambacho hakipo kwenye ile picha. Mechi yangu ya kumi na nane ya taifa, ugenini, watu elfu themanini, huwezi kusikia hata pumzi zako. Mshambuliaji aliniponyoka mgongoni. Mimi. Alikuwa wangu. Akafunga. Unajua nilifanya nini? Niligeuka, nikanyoosha kidole kwa kipa wetu. Des Warburton. Kamera zote zikafuata kidole changu."

Vesna hakuthubutu kusogea. Hakuwahi kufikiria kwamba mtu aliye kwenye picha ile aliweza kuponyokwa na mtu yeyote.

"Wakubwa walikuwa wanaangalia kutoka chumba cha vioo, juu kabisa, wanakunywa chai. Wangeweza kuuliza. Hawakuuliza. Des hakuitwa tena timu ya taifa. Mimi niliitwa mara nyingine ishirini na tatu. Kila wimbo wa taifa ulipopigwa, nilikuwa natazama kipa aliyesimama pembeni yangu, naona si yeye."

"Ulimwomba msamaha?"

"Nilimwandikia baada ya miaka kumi na tisa. Anaendesha malori huko Whyalla."

"Akasemaje?"

"Hajajibu." Kocha alisimama kwa kushika ukuta. "Zipange hizo koni vizuri, zisianguke."

Vesna alitembea hadi nyumbani na upepo usoni. Mama yake alimwekea pilipili hoho zilizojazwa wali na nyama, chakula anachokipenda, lakini Vesna akazichokonoachokonoa tu kwa uma.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi kula. Au kuna mtu kakukosea?"

Vesna alikata kipande cha hoho. Angesema, angevuliwa kitambaa. Bwana Thornley angemwona mwongo, na Jumamosi mechi ya kujiokoa ingechezwa yeye akiwa benchi. Asiposema, Mzee Keogh angepokonywa kile kijiti chenye kitambaa cha njano. Kitu kidogo hivyo. Ila alikumbuka jinsi mzee alivyokuwa akifika uwanjani saa moja kabla ya kila mtu, ametia pasi suruali fupi nyeusi, akitembea mstari mzima peke yake kuukagua.

Alhamisi, kikao kilifanyika kwenye chumba cha klabu, saa kumi na moja, kabla ya mazoezi. Wanakamati watano walikaa upande mmoja wa meza ndefu. Upande wa pili palikuwa na kiti kimoja, na juu yake Mzee Keogh, kibendera kimelala mapajani. Kocha Stevo alisimama karibu na dirisha. Wasichana walijazana mlangoni.

"Ambrose," Thornley alianza kwa sauti ya upole, ile ya watu waliokwisha kuamua, "hakuna anayesema ni kosa lako. Umri ni umri. Tunadhani wakati umefika upumzike."

"Nipumzike wapi?" Mzee Keogh aliuliza.

Mwanakamati mmoja alipekua karatasi zake.

"Kocha, wewe uliona?" Thornley aliuliza.

"Sikuona."

"Unaona, basi. Na nahodha wetu ameshathibitisha kwamba—"

"Mimi ndiye niliyebaki nyuma," Vesna alisema.

Sauti ilimtoka nyembamba, lakini chumba kizima kiliisikia. Alijipenyeza kati ya Mele na mlango, akaja hadi kwenye meza. "Niliita 'Panda' halafu mimi mwenyewe sikupanda. Nilikuwa navuta kitambaa. Yule hakuwa ameotea. Juzi kwenye mazoezi nilisimama mahali pa uongo. Na Mzee Keogh hakuwa amelala. Nilisema hivyo kwa sababu niliona aibu."

Uso wa Thornley ulibadilika rangi. "Vesna, binti yangu, huna haja ya kumtetea mzee. Barua ya kumwondoa tumeshaiandika."

"Iandike nyingine," Kocha Stevo alisema pale dirishani. Hakuinua sauti. Wanakamati waligeuka wote wakamtazama, kisha bila kutaka wakatazama picha ukutani, kisha meza.

Vesna alimgeukia Mzee Keogh. "Nisamehe, Mzee."

"Nilikuona," mzee alisema. "Mita moja na robo, labda kidogo zaidi. Mguu wa kushoto."

"Sasa mbona hukusema?" mwanakamati mmoja alimaka.

"Nani aliniuliza?"

Thornley alikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni. Akasema kwa taabu kwamba Jumamosi mshika kibendera ni Bwana Keogh, na Jumamosi zote zinazofuata, mpaka yeye mwenyewe atakapochoka. Mzee alisimama, akakunjua kibendera, akakikagua kama kuna uchafu. Alipompita Vesna alimgusa bega. "Na ukivaa kitambaa hicho, kifunge kwa pini. Hata Noreen alikuwa akilalamika manahodha wenu hawana pini."

Mele alicheka, akaziba mdomo haraka.

Vesna alikuwa ameshakitoa kitambaa kwenye begi lake. Alimfuata Kocha nje hadi kwenye ngazi, akakinyoosha kwake kwa mikono miwili.

Kocha Stevo alikipokea. "Jumamosi atavaa Mele. Wewe utacheza, ila bila hiki. Ukikipata tena, utakipata kwa miguu yako."

"Ndiyo, Kocha."

"Unalia kwa sababu ya kitambaa?"

"Hapana." Alijifuta pua kwa mkono wa jezi. "Nilidhani wewe hujawahi kukosea."

"Nimekosea mbele ya watu elfu themanini. Kukosea si ajabu kwa beki, kila mshambuliaji duniani analipwa ili akukoseshe. Leo umefanya kwa sekunde tano jambo lililonishinda mimi miaka kumi na tisa. Ukifanya kosa, sema ni lako siku ile ile, kabla halijamwangukia mtu asiye na wa kumsemea. Wenye viti wakishaketi kuandika barua, hawaulizi ukweli, wanauliza jina. Usiwape jina la mtu mwingine."

Vesna alimtazama yule mtu mwenye goti bovu na pua iliyopinda, akaona kwamba ile picha ukutani ilikuwa ndogo sana kwake.

Uwanjani, mabeki wenzake walikuwa wameshajifunga kamba, wakitazama upande wa ngazi.

"Nenda basi," Kocha alisema. "Wako watatu."