Kadi Iliyotangulia Sauti

Siku redio ilipoanza kupumua, waliokuwa mezani ni hawa: Tshibola Albertine, mjane wa Ntambwe Mukendi; Ntambwe Benoît, mwana wao wa pekee, fundi wa pampu huko Kingamyambo wanakosafisha upya mabaki ya shaba ya zamani; Muamba Florentine, mke wa Benoît; na Muteba Stanislas, fundi umeme mstaafu, rafiki wa marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Tata Stany na ambaye kila Jumapili baada ya misa alikula hapo. Mwingine hakuwepo.

Florentine alikuwa akigawa bukari, ugali wa Kolwezi. Akasimamisha mkono.

“Nani ameacha friji wazi?”

Friji ilikuwa imefungwa. Mlio ulitoka pembeni, juu ya meza ndogo, chini ya kitambaa alichokifuma Mama Tshibola mwenyewe: shhh hafifu, kama maji yanayokaribia kuchemka. Chini ya kitambaa kile ilikaa mashine ya redio ya marehemu. Waya wake wa umeme Tata Stany aliuchomoa siku ya matanga. Antena haikuwepo tena juu ya bati. Benoît alikuwa ameiuza kwa wanunuzi wa shaba.

“Iko panya,” Benoît alisema haraka.

“Panya ya kusoma,” Tata Stany alijibu. “Inatafuta fréquence.”

Mama Tshibola alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mlio ukakatika. Wakaendelea kula, ila Benoît alisogeza kiti chake mbali na ile meza ndogo.

Ntambwe Mukendi alikuwa mmoja wa watu wanaopenda kuzungumza na wasiowajua, hewani. Alipotoka mgodini alikaa mbele ya mashine, akaita kwa alama ya wito aliyopewa na serikali. Mtu wa Brazili au wa Japani akimjibu, waliambiana majina, mji, na jinsi kila mmoja alivyomsikia mwenzake. Baadaye kila mmoja alimtumia mwenzake kadi kwa posta, ithibitishe kwamba kweli walisikizana. Kadi za Ntambwe zilichapwa Lubumbashi: msalaba wa shaba katikati, alama yake ya wito chini. Alikuwa na sheria moja, naye aliirudia mpaka Benoît akaichoka akiwa bado mtoto: kadi hufuata sauti. Anayeandika kadi mbele ya sauti ameapa uongo, na kiapo hakikai bila mwenyewe.

Sauti moja aliitamani kuliko zote. Miaka ile kituo cha Warusi kilizunguka dunia huko juu, na wanaanga wake walizoea kuzungumza na wapenda redio walio chini. Ntambwe na Tata Stany walikiita kila kilipopita juu ya Kolwezi. Hakikujibu hata mara moja. Ntambwe hakuona haya kulisema. “Tuliita,” alikuwa akisema. “Haikujibu. Basi.”

Haya ilikuja baada ya kifo chake. Mbelgiji mmoja, mkusanyaji wa kumbukumbu za safari za anga, alimwandikia Benoît kwenye simu. Kadi za Brazili na Japani hazikumvutia. Lakini je, marehemu hakuwahi kuzungumza na kituo? Kadi ya mtu wa Kolwezi aliyesikizana na watu wa angani angeiweka ndani ya kioo, kwenye maonyesho. Benoît alitazama bunda la kadi tupu za baba yake. Akachukua kalamu ya wino, akaiga mwandiko ule unaolalia kushoto, akakiandikia kile kituo, akaweka siku, akaweka saa, akamalizia kwa maneno ambayo marehemu alikuwa akiwaandikia watu: *Nakusikia vizuri sana.*

Fedha ilipofika iligeuka friji. Picha ya kadi ilipotokea mtandaoni, Mama Tshibola aliionyesha parokia nzima. “Mi nilijua,” aliwaambia. “Njo vile alikuwa. Hakupenda kujisifu.” Padri alimtaja marehemu mbele ya waumini, na akina mama wakampisha mjane benchi la kwanza. Benoît alikaa nyuma ya mama yake, akaangalia viatu vyake hadi misa ikaisha.

Mlio ulirudi jioni moja, umeme umekatwa mtaani na friji imenyamaza. Safari hii ulikuja na harufu. Haikuwa ile asidi ya kiwandani ambayo kila pua ya Kolwezi inaijua. Ilikuwa harufu ya chuma kilichotoka kuchomelewa, ila ya baridi, baridi iliyotambaa sakafuni na kupanda miguu ya viti mpaka Florentine, katika joto lile la Oktoba, akaona pumzi yake mwenyewe ikitoka mdomoni kama moshi. Kisha sauti ikasema, kwa Kiswahili cha Kolwezi kisicho na kosa, kama ya mtu aliyezaliwa nyumba ya pili:

“Neuf Québec Cinq.” Ikafuatisha herufi mbili za mwisho za alama ya wito ya marehemu. “Kadi yako ilifika. Sauti yako haiyafika. Tunangoja.”

Mama Tshibola alisimama, akamwita marehemu mumewe. “Papa Benoît? Ni weye?”

“Tunangoja.”

Benoît aliibeba mashine kifuani, akaitupa kwenye shimo la takataka, akafukia. Kesho yake, aliporudi kutoka kazini, alimkuta mama yake ameketi mbele ya ile meza ndogo. Juu yake hapakuwa na kitu ila kitambaa. Lakini kitambaa kilisimama, kimeinuka pembe nne, kimeshika umbo la mashine isiyokuwepo, na chini yake kulitoka ule mlio, nao ulikuwa karibu zaidi kuliko jana.

Tangu hapo mama hakuondoka kwenye kile kiti. Hakula. Vidole vyake vilianza kugeuka rangi ya jivu, na kila jioni aliuliza swali lile lile, ni weye, ni weye, na kila jioni alijibiwa neno lile lile, na baada ya kujibiwa alionekana kupungua kidogo, kama nguo inayofuliwa kila siku.

Tata Stany alimvizia Benoît langoni.

“Benoît, mi nilikuwa pale. Kila mara. Kituo haikujibu.”

“Muzee, umesahau.”

“Nimesahau bingi. Ile, apana.” Alishusha sauti. “Mutoto wangu, ingia, piga magoti mbele ya mama yako, sema: mi njo niliandika. Ile kitu inatafuta mwenye aliapa. Ikimukosa, itabeba mwenye iko karibu.”

“Na batu ba parokia? Mama atapitia wapi?”

“Haya haiui mutu.”

“Sema weye, basi!”

“Apana. Mi sitamwambia mutu. Mukono yako njo iliapa, na kinywa yako njo itafungua.”

Benoît aliahidi kusema Jumamosi. Jumamosi ikapita. Florentine, ambaye hakujua lolote, ndiye aliyemwita Mama Louise Kankolongo, kiongozi wa kikundi cha maombi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole aliyekwisha kutoa pepo katika nyumba nyingi za mtaa. Alikuja na akina mama wenzake, chumvi na maji ya baraka. Tata Stany naye alikuja, akasimama karibu na mlango, kofia mkononi.

Waliimba mpaka jasho likawatoka na kuganda. Kitambaa kilitetemeka, hakikushuka. Mama Louise akainua mkono, wakanyamaza.

“Pepo haingii nyumba bila mulango,” alisema. “Kuko mutu mu hii nyumba alimufungulia. Aseme, tumufukuze. Asiposema, mi narudia kwangu.”

Benoît alimwona mama yake pale kitini, ameinua uso kidogo, na juu ya uso ule uliokonda bado kulikuwa na fahari ya benchi la kwanza, fahari aliyompa yeye kwa kalamu ya wino, na akaona namna ambavyo ingeanguka mbele ya wanawake hawa wote wenye midomo, na namna ambavyo jina la Ntambwe Mukendi lingezunguka sokoni likiitwa jina la mwongo, ilhali mwongo ni mwingine, na ulimi wake, ambao tangu Jumapili ile ulikuwa mzito kama risasi, ukawa ghafla mwepesi.

“Tata Stany,” alisema. “Tata Stany njo anajua ile mashine. Siku ya matanga alibakia nayo peke yake.”

Vichwa vyote viligeuka. Tata Stany hakumtazama mtu mwingine ila Benoît; alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Benoît hakuimaliza. Ndipo mzee akamgeukia mjane.

“Albertine,” alisema, “bwana yako alikuwa mutu wa kweli.”

Akavaa kofia yake, akatoka. “Mulozi!” mmoja alipiga kelele, na wengine wakamfuata hadi langoni wakimrushia chumvi mgongoni. Nyuma yao kitambaa kikaanguka, kikalala bapa juu ya meza. Mama Louise alisema pepo ameondoka. Walipiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza ameondoka na nani.

Usiku ule Mama Tshibola alikula. Vidole vyake vikarudia rangi yake. Tata Stany alipigiwa mawe juu ya bati, kisha watoto wakaacha kumsalimia, kisha akaenda kwa dada yake huko Sandoa. Benoît, akiwa ndani ya basi la wafanyakazi, alimwona barabarani na sanduku lake, akingoja gari. Mzee aliinua mkono. Benoît akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Ikaja Jumapili nyingine. Florentine aligawa bukari na sombe ya majani ya muhogo. Sahani ya nne aliitoa kwa mazoea, akairudisha kabatini. Walikuwa bado hawajanawa mikono pale baridi ilipoanza kupanda miguu ya viti. Kitambaa kiliinuka pole pole, pembe moja, halafu ya pili, halafu zote, na ile harufu ya chuma ikajaa nyumba. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa ya mzee, ya kukwaruza, yenye utani kidogo ndani yake.

“Benoît, nakusikia vizuri sana. Weye unanisikia?”

Mama Tshibola alimgeukia mwanawe.

“Ile si sauti ya Stany?”

“Benoît,” sauti iliendelea, na haikuwa na haraka, “unanisikia?”

Mama yake alimtazama. Mke wake alimtazama. Alifungua kinywa, na kwa pumzi moja aliamini kwamba angesema.

“Iko panya, mama,” alisema.

Simu ya Florentine ikalia. Alisikiliza, akaitikia mara mbili, akaiweka mezani. Walikuwa watu wa Sandoa. Muteba Stanislas alikufa asubuhi ile.