Pampu Mpya ya Bwana Dhamana

"Barafu, usimpoteze! Akivuka mpaka, tumekwisha."

Sauti ya Shangazi ilikwaruza redioni. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote katika kitengo chao cha polisi. Alikuwa mkuu wao, na jina alilipata kwa kufoka.

"Namwona," Barafu alijibu.

Mbele yake gari jeupe la familia, la viti saba, lilikata kona kwa fujo. Usukani aliushika mtu aliyeitwa Dhamana.

Kiwanda kilikuwa kimeyaita magari yote ya aina ile yarudi gereji, yabadilishiwe pampu ya mafuta bure. Ile ya zamani ikipata joto hukata mafuta, injini ikazima katikati ya mwendo. Dhamana akaona riziki. Alinunua ng'ambo pampu mbovu zilizokwisha kutolewa, akazisafisha, akazitia kwenye maboksi mapya na kuziingiza kwa magendo. Watu walipeleka ugonjwa ukatibiwe, wakarudi nyumbani na ugonjwa uleule. Gereji zipi zilikuwa zimeuziwa? Yeye peke yake ndiye aliyejua.

Mke wa Barafu alifia kwenye gari kama lile. Lilizima barabarani, lori likaja nyuma. Tangu siku hiyo Barafu hakulia wala kucheka. Wenzake walisema ana roho ngumu.

Hakuwa na roho ngumu. Alikuwa tu hahisi kitu.

Simu ikaita. Shemeji yake, mdogo wa marehemu. Naye alikuwa na gari la aina hiyo, na tangu msiba halikutoka nje ya geti.

"Shemeji, nipe hongera! Gari limetoka gereji. Pampu mpya, bure, tena ina stika ya buluu. Nimempitia binti yako shuleni, tuko barabara kuu."

Maboksi ya Dhamana yalikuwa na stika ya buluu.

Barafu akaondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta. Gari jeupe likapotea nyuma ya kilima.

"Ingia pembeni."

"Ee! Hata salamu hakuna?"

"Pembeni, sasa hivi. Mtoe mtoto. Simameni mbali na lami."

"Makubwa haya! Haya, tumeshatoka. Mbona gari linanguruma vizuri tu? Sikiliza mwenyewe."

Barafu akasikiliza.

Injini ilinguruma. Ikakohoa. Ikanyamaza.

"Shemeji." Sauti ilikuwa ndogo sasa. "Limezima lenyewe."

Lori lilipita kwa kishindo upande wa pili wa simu.

"Mshike mtoto mkono," Barafu alisema, akakata.

"Barafu!" Shangazi alifoka redioni. "Umempoteza?"

"Ana mlima mbele yake. Na jua kali."

"Ndiyo nini hiyo?"

Barafu alianza kupanda mlima. Aliendesha bila haraka.

Alimkuta karibu na kilele, kizuizi cha mpaka kikionekana kule chini. Gari jeupe lilikuwa limesimama, boneti juu. Dhamana alikuwa ameinamia injini, shati limemganda mgongoni. Barafu akashuka na bastola yake ya Glock mkononi, redio ikiwa wazi kiunoni.

"Haiwezekani," Dhamana alisema, kama anayemlalamikia fundi. "Pampu mpya hii! Ya kiwandani hasa, nilimpa fundi wangu mwenyewe aifunge."

"Akaichukua kwenye boksi lipi?"

Dhamana aliitazama tena injini. Gerejini kwake maboksi yote yalifanana. Alikuwa amehakikisha hivyo mwenyewe.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," Shangazi alicheka redioni.

Barafu hakucheka. Alimsogezea redio mdomoni.

"Gereji. Zitaje zote."

Dhamana alizitaja, moja baada ya nyingine, mpaka sauti ikamkauka.

Wenzake walipofika na pingu, Barafu alirudi kwenye pikapu yake bila kugeuka nyuma. Simu ikaita tena.

"Baba, gari la mama mdogo limekufa. Unakuja?"

"Nakuja, mama."

Ufunguo ulikataa kuingia. Alikosa tundu mara mbili. Mguu uliokufa ganzi, damu ikirudi, kwanza huuma; moyo nao vivyo hivyo. Barafu alishika usukani kwa mikono miwili, akayaacha maumivu yaje.

Kisha akawasha gari, akateremka kumchukua mwanawe.