Uji wa Nyirasafari

Mukamusoni ni fundi cherehani wa mtaa wa Nengo, Gisenyi. Kila asubuhi alimeza vidonge vyake vya presha, kisha akashona. Mchana alikunywa uji wa rafiki yake Nyirasafari, muuza uji. Desturi ya huku, mwenye kinywaji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakina sumu. Wawili hawa waliaminiana mno, hawakuonjeana tena.

Kisha Mukamusoni akaanza kuchoka. Akishona kanzu moja tu, anahema. Macho yakawa ya manjano. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi.

Kadiri, mumewe, hakumpeleka hospitali. Alikwenda mlangoni kwa Nyirasafari, nyumba ya pili, majirani wakisikia.

"Ulimupatia bibi yangu uji bila kuonja," alisema. "Ni we unamuroga."

"Mi nimuroge juu ya nini? Ni dada yangu."

Mukamusoni alisikia yote kitandani. Aligeukia ukutani, asimtetee rafiki yake. Kadiri akamletea mitishamba ya kutapisha sumu, naye akazidi kudhoofika. Inauma, maana mume huyu alimpenda mkewe kweli.

Siku iliyofuata, jirani yao Liliane, ambaye ni muuguzi, alikuja kumwona mgonjwa. Alimtazama macho, akauliza kuhusu mkojo, akaomba kuona vidonge.

"Hii ni metildopa," alimwambia Mukamusoni, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mama Byiringiro, iko watu wachache, hii dawa inafanya mwili yao iharibu damu yao yenyewe. Hakuna mutu alikuroga. Twende hospitali sasa hivi. Usiache dawa ya presha we mwenyewe. Daktari ndiye atakubadilishia."

Hospitalini walimpima. Damu ilikuwa imepungua vibaya. Daktari alimwongezea damu, akambadilishia dawa, akamwagiza arudi kupimwa. Kadiri aliinamisha kichwa. Taratibu manjano yakatoka machoni, na cherehani ikasikika tena Nengo.

Lakini uji wa Nyirasafari haukununuliwa tena. Nani anywe uji wa mchawi? Alikuwa amehamia Cyanzarwe, analima maharage ya watu.

Mukamusoni alimfuata huko na chupa ya uji. Aliomba msamaha, akalia. Akamimina kikombe, akaonja, akampa.

Nyirasafari alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini.

"Nimeonja, dada," Mukamusoni alisema.

"Nimeona," alijibu Nyirasafari. "Zamani hatukuonjaka."

Uji ukapoa katikati yao.