Jibu la Sauti ya Chini

Spika ya besi ilinguruma kabla ya mtu yeyote kuichomeka.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, katika ukumbi wa hoteli ambamo bendi ilipiga kila juma. Wahudumu walikuwa wakipanga viti. Mpiga dramu, mtu mnene mwenye maneno mengi, alikuwa amechuchumaa akikaza ngoma zake, na Nyuzi alikuwa akilinganisha gitaa. Jina hilo la Nyuzi alipewa na wenzake kwa sababu hakuhitaji chombo cha kumsaidia: alisikiliza uzi mara moja tu, akajua umeshuka kiasi gani. Akapiga sauti nne fupi za kujaribu, na ile spika, iliyokuwa imegeuziwa ukuta, waya wake umeviringishwa juu yake, ikamrudishia nne, chini kabisa.

"Nani amewasha hiyo?" akauliza.

"Imewashwa na nini, na waya wake ndio huo?" mpiga dramu akasema. "Kunywa maji, bwana. Uzee umeanzia masikioni."

Nyuzi akacheka pamoja na wengine. Lakini pua yake ilikuwa imenasa harufu ya jiwe lililolowa na sweta ya sufu iliyonyeshewa, na nje jua lilikuwa likiwaka. Harufu ile aliijua.

Ilikuwa miezi mitatu tangu Besi azikwe. Besi alikuwa amepiga gitaa la besi katika bendi hiyo kwa miaka kumi na mmoja, na nje ya nyumba zao yeye na Nyuzi walipenda vitu viwili tu: jukwaa na milima. Kila walipopata siku mbili zisizo na onyesho, walifunga mizigo wakapanda. Nyuzi alizoea kusema kwamba ni penzi moja. Jukwaani unatoa sauti ukangoja watu wakurudishie. Mlimani unatoa sauti ukangoja mlima. Na walikuwa na desturi yao. Ukungu ukishuka, wa mbele alipiga mluzi wa sauti nne, na wa nyuma akajibu. Pasipo jibu, wa mbele hasogei hata hatua moja. Besi, kwa mazoea ya kazi, alijibu siku zote kwa sauti ya chini. Baadaye waliupeleka mchezo huo jukwaani, gitaa likauliza na besi likajibu, na watu walikuja kutoka mbali kuusikiliza.

Siku ile ya mwisho kilele kilikuwa kimebaki mwendo wa nusu saa, na wingu lilikuwa likipanda upande wa pili. Nyuzi alipiga mluzi. Jibu likaja, sauti nne, naye akaendelea kupanda. Alifika juu, akaona alichotaka kuona kabla wingu halijafunga. Besi alipatikana kesho yake chini ya jabali, mguu umevunjika, baridi imemmaliza.

"Alinijibu," Nyuzi aliwaambia waokoaji, kisha bendi, kisha mjane wa Besi. "Nilijua yuko salama, shemeji, kwa kuwa alinijibu."

Wote walimpa pole. Hakuna aliyemuuliza jibu lilikuwa la sauti gani. Lilikuwa la juu, sawasawa na mluzi wake mwenyewe. Ulikuwa mwangwi. Sikio lile lisilohitaji chombo lilijua pale pale, naye akaliambia linyamaze.

Jumamosi hiyo, katika wimbo wa tatu, vidole vya Nyuzi viliuliza swali la zamani bila yeye kukusudia. Besi likajibu. Ukumbi mzima ukasimama kwa makofi. Nyuzi akageuka kumtazama mpiga besi mpya, mtu mpole waliyemwita Mgeni, ambaye hakuwahi kufundishwa mchezo ule. Mgeni alikuwa ameshika mkanda wa gitaa lake kwa mikono miwili, akiurekebisha begani.

Nyuzi angeweza kuacha. Aliuliza tena.

Aliuliza Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Watu wakajaa hadi mlangoni. Hakuwahi kupiga vizuri namna ile maishani mwake, na kila alipotoka jukwaani alinawa uso muda mrefu bila kutazama kioo.

Juma la nne Mgeni alimfuata chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Kaka, yale majibu si yangu."

"Najua."

"Unajua, na unaendelea kuuliza?" Mgeni akanyoosha mkono. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye ncha, na baridi kama bomba la maji. "Mke wangu anasema nanuka ukungu. Kila likijibu, kuna kifua kinaniegemea mgongoni. Mtu amesimama nyuma yangu, kaka. Nifanye nini?"

Mpiga dramu alikuwa na shangazi aliyejua kupunga majini. Nyuzi alimkuta akikunja nguo zilizokauka, na hakuacha kukunja wakati akimsikiliza.

"Hukuniletea kuku?" akauliza mwishoni.

"Sikujua, mama. Nikalete?"

"Nakutania. Kuku hataondoa hilo." Akaweka shuka juu ya shuka. "Mwenzako alikufa akingoja kuulizwa tena, na sauti yake ikabaki pale juu, haina mwenyewe. Jini likaiokota. Lenyewe halina njia ya kuingia popote, mwanangu. Linaita tu. Anayelijibu ndiye anayelifungulia."

"Nimelijibu mara nyingi."

"Kwa gitaa. Limeishia gitaani. Usilijibu tena, na kamwe usilijibu kwa mluzi. Nenda kwa yule uliyemdanganya, ukaseme kweli kwa maneno. Jini hilo linaishi kwenye uongo wako. Ukiuondoa, halina pa kukaa. Nenda leo."

Angekwenda leo. Lakini ilikuwa Jumamosi, na kulikuwa na onyesho saa kumi na moja jioni.

Alijiapiza kwamba hatauliza, na hakuuliza. Lakini katikati ya wimbo wa pili spika ilianza yenyewe, sauti nne za chini, polepole, na watu wakashangilia wakingoja gitaa, na alipokaa kimya ikarudia kwa nguvu zaidi, mpaka glasi zikatetema mezani na pumzi za wacheza dansi zikaonekana kama moshi katikati ya joto lile, na Mgeni akaanza kupiga magoti taratibu kama mtu aliyebebeshwa mzigo usioonekana, huku nyuma yake, pale ambapo taa haikufika, kitu kirefu chenye kuchuruzika maji kikiinamisha kichwa kusikiliza. Nyuzi alichomoa waya wa gitaa, akashuka jukwaani kwa mbio mbele ya watu wote.

Kulikuwa bado na mwanga wa jioni alipogonga kwa mjane wa Besi. Kwenye kizingiti aliruka buti za kupandia mlima zilizolowa. Alidhani shemeji amezisafisha ili azigawe.

"Karibu, shemeji. Umepotea. Nikadhani umeniona deni," mjane akasema, akamsogezea kiti cha jikoni. Alikuwa akiosha vyombo. Sahani mbili, vikombe viwili.

Nyuzi hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: kilele, wingu, mluzi, sauti ya juu. "Hakunijibu, shemeji. Ulikuwa mwangwi, na nilijua. Ningerudi hatua mia mbili ningemkuta hai."

Mjane alifunga bomba. Aliendelea kusugua kikombe kilichokwisha kutakata.

"Ungeniambia siku ya mazishi," akasema hatimaye, bila kupandisha sauti, "ningejua kwamba hakuna jibu lake lililobaki kule. Lakini uliniambia alijibu. Basi aliponipigia mluzi hapo dirishani, wiki ya pili, nilisema moyoni, ni yeye, bado anajibu. Nikamrudishia."

"Mara ngapi?"

"Kila jioni, shemeji. Saa hii hii."

Harufu ya jiwe lililolowa ikajaa jikoni. Mluzi ukaja, sauti nne, chini kabisa, kama alivyozoea kujibu Besi. Ila haukutoka dirishani. Ulitoka nyuma ya pazia la chumba cha kulala.

"Usimjibu," Nyuzi akanong'ona. "Nakuomba. Si yeye. Usimjibu."

Mjane alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akimtazama usoni.

"Kutomjibu ni kazi yako," akasema. "Mimi siiwezi."

Akaligeukia pazia, akalamba midomo, akapiga mluzi.