Nusu ya Pili ya Wimbo

"Baba, zima hiyo simu."

"Sizimi. Huyu si mchumba wako?"

Ndiye. Nikunj, aliyekula na kunywa nyumbani kwa kina Vasudha huko Banaras kama mtoto wa kuzaliwa, alikuwa humo simuni akipiga sitar, ala ya nyuzi, mubashara kutoka Mumbai. Na alikuwa anapiga wimbo wa ukoo wa kina Vasudha! Baba, mwalimu Pandit Dinabandhu, humfundisha wimbo huo yule mwanafunzi tu ambaye amekwisha kumfunga uzi mwekundu mkononi, ishara ya kumpokea, na Nikunj alikuwa hajafungwa.

Vasudha akainamisha kichwa. Mapenzi yalimfanya mjinga. Alimfundisha nusu yake kwa siri, baba akipumzika mchana, maana Nikunj alimwambia, "Tukioana si utakuwa wimbo wangu pia?"

Nikunj akamaliza kupiga. Mtangazaji akauliza, "Mwalimu wako nani?"

Kwao, mwanafunzi hushika sikio kwa heshima ndipo amtaje mwalimu. Nikunj akashika la kwake vizuri kabisa, halafu akamtaja mzee mwingine, mwanamuziki maarufu aliyeketi mstari wa mbele.

"Ndiye mwalimu wangu, na karibuni atakuwa baba mkwe wangu."



"Nani alimfundisha?" baba akauliza polepole.

"Baba..."

"Ule uzi wa sitar alivyouvuta mwishoni, mimi sivuti hivyo. Unavuta wewe."

"Nisamehe. Alisema atanioa."

"Yeye ni mtu wa kuja. Wewe ndiye umeniumiza."

Simu ya Vasudha ikaita. Nikunj.

"Vasu, usikasirike, yale ni maneno ya jukwaani tu. Sikia, Jumapili wanataka niupige wote, na nusu ya pili hukunimalizia. Niimbie hapo nirekodi."

"Unanioa lini?"

"Tutaongea. Imba kwanza, mpenzi."

Nyuma yake ikasikika sauti ya kike. "Unaongea na nani?"

"Fundi wa sitar," Nikunj akajibu bila kusita. "Wa kukaza nyuzi."

Vasudha akacheka kicheko kikavu. "Mwambie mwenzio fundi amefunga duka. Hiyo Jumapili mtajua wenyewe."

Akakata. Baba yake alikuwa amesikia kila kitu.

"Hiyo nusu ya pili unaikumbuka?"

"Naikumbuka, Baba."

"Jumapili utaupiga wewe, hekaluni hapa Banaras, wote, watu wasikie. Hasira zangu bado ninazo, usidhani zimeisha. Haya, kaa."

Vasudha akaketi, akapakata sitar yake, na hapo ndipo alipolia.